Bilioni Mia Moja na Tatu

Mji ulipopata kwikwi nilikuwa nimesinzia juu ya kipimo changu, na kwikwi yenyewe ilikuwa imechelewa dakika hamsini.

Kwikwi ndivyo tunavyoiita. Jina lake la kazini ni pigo kuu. Sisi watu wa Kitovu tunaishi ndani ya barafu ya mwezi mmoja wa Zohali, katika ukumbi mrefu waliouchonga waasisi, na barafu ya huku ina tabia ya unga uliokandwa: ukiiacha inajirudia polepole mpaka inaziba tundu ulilolitoboa. Ndiyo maana tuna Mpigaji. Mpigaji ni mashine inayogonga kuta mara milioni moja kila sekunde, mapigo madogo yasiyosikika, na ikitimiza hesabu yake inagonga pigo moja zito la kuziamsha kuta zote kwa pamoja, kisha inaanza tena moja. Sufuria zinalia kidogo, chai inatikisika kikombeni, watoto wanasema mji umeshiba, na watu wanaendelea na shughuli zao. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyewahi kuipima. Nani anapima kwikwi?

Mimi nilipima kwa sababu nililazimika. Naitwa Sikudhani Mbaruku, Fundi Mapigo wa Kitovu, na wakati ule chombo chenye wahamiaji mia tatu kilikuwa njiani kuja kwetu, mama yangu akiwa mmoja wao. Ukumbi wa Pili ulikwisha kuchongwa kwa ajili yao. Tanuri lake la joto lilikuwa limefika mapema na meli ya mizigo, na tanuri hilo nalo linagonga: pigo moja kila sekunde, limechongwa hivyo katika jiwe lake la ndani. Kabla sijaliwasha ilibidi nihakikishe kwamba pigo la tanuri na pigo kuu hayataangukiana.

Jambo lenyewe si gumu, mtu yeyote aliyewahi kupiga makofi harusini analijua. Mmoja akipiga kila hesabu ya nne na mwenzake kila hesabu ya sita, watakutana kwenye kumi na mbili. Lakini mmoja akipiga kila ya nne na mwingine kila ya saba, mpaka ishirini na nane ndipo wakutane. Namba zisizo na undugu hukutana kwa shida. Ndiyo sababu waasisi walimpa Mpigaji hesabu ambayo kila mtoto wa Kitovu anaiimba shuleni, bilioni mia moja na tatu, ambayo ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, uijaribu kwa namba tasa zaidi ya elfu ishirini na saba, moja baada ya nyingine, na kila mara kitabaki kitu. Kwa hesabu hiyo, tanuri na Mpigaji wangegonga pamoja mara moja tu katika miaka zaidi ya elfu tatu, na miaka elfu tatu ni mbali, wajukuu watajijua.

Kwa kasi ya milioni kwa sekunde, mzunguko mmoja ulipaswa kwisha baada ya sekunde laki moja. Kipimo kiliniambia laki moja na elfu tatu.

Nikakilaumu kipimo, kama afanyavyo kila fundi. Nikakizima, nikakiwasha, nikakisubiri mzunguko mwingine mzima. Laki moja na elfu tatu. Nikashuka nacho hadi Ushoroba wa Chini, mahali ambapo ukuta ni mwembamba na safi, na nyuma yake kuna bahari yenyewe ya mwezi huu, maji ya chumvi yasiyowahi kuona jua. Nikabandika pedi ya kuzuia mtikisiko ukutani ili nisome vizuri zaidi. Macho yalikuwa yananiuma, nikazima taa niyapumzishe.

Giza halikuja.

*

Kila mtu wa Kitovu anajua kwamba maji ya kule nyuma yana vimetameta. Tunaviita mapambo. Tuliambiwa ni chembe za chumvi zinazorudisha mwanga wa taa zetu, na sisi tukaridhika, maana mtu ukishaambiwa jina la kitu huoni tena haja ya kukitazama. Lakini taa yangu ilikuwa imezimwa, na mapambo yalikuwa yanawaka.

Yalikaa mafungumafungu, kila fungu mahali pake, nyuzi nyembamba za chumvi zilizosukwa kama ususi wa ukili. Fungu moja lilipepesa kila sekunde. La jirani yake, kila sekunde mbili. Lingine nne, lingine tano. Nikashika saa yangu. Nane. Kumi. Ishirini. Ishirini na tano. Nikakaa chini sakafuni na kanzu yangu ya kazi, nikasahau baridi, nikawa nahesabu kwa sauti kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Arobaini. Hamsini. Mia.

Hapakuwa na fungu la sekunde tatu. Nililitafuta kwa kichwa kigumu, kwenda na kurudi ushoroba mzima. Hapakuwa na la sita, wala la saba, wala la tisa. Halafu mwishoni kabisa, karibu na bomba la maji, nikaliona moja lililokuwa limetulia mno, nikalisubiri nikidhani limekufa, likapepesa. Nikalisubiri tena. Sekunde mia moja na tatu.

Nani huyo, ndani ya bahari isiyo na mtu, anayehesabu mpaka mia moja na tatu?

Hapo mwili ukanisisimka mpaka kwenye nywele. Nilichukua hesabu niliyoipima, sekunde laki moja na elfu tatu mara mapigo milioni, yaani bilioni mia-na-tatu, hata zile tatu zikiwa bilioni, nikaanza kuivunja kichwani. Si tasa hata kidogo. Ni mia moja na tatu, ikizidishwa kwa mbili mara tisa, na kwa tano mara tisa. Hakuna tatu ndani yake, hakuna saba. Namba ya namna hiyo ina vigawo mia mbili kamili, na kila kigawo ni hesabu ambayo Mpigaji anaipitia bila kubakiza kitu. Vingine ni vya haraka mno, jicho linaviona kama mwanga uliosimama. Vingine ni vya polepole, vya saa nzima na zaidi. Mafungu yale yalikuwa yamejichagulia. Kila moja lilikuwa limekaa kwenye kigawo chake kama ndege kwenye tawi lake, na Mpigaji wetu ndiye mti.

Nilisema nimekaa sakafuni. Ukweli nilipiga magoti, sikumbuki lini.

Nilipoikumbuka pedi yangu ilikuwa bado imebana ukutani. Fungu lililokuwa nyuma yake, la sekunde mia moja ishirini na tano, lilikuwa limefifia na nyuzi zake zinaachana, zikielea ovyo. Nikaibandua kwa haraka hata nikachubua kidole. Nikarudi kesho yake nikiwa na moyo mzito, na nikakuta kitu ambacho mpaka leo nikikisimulia watu hunitazama usoni kuona kama natania. Fungu la sekunde ishirini na tano lilikuwa limenyoosha uzi mmoja hadi pale. Kila likipepesa mara ya tano, uzi ule ulishtuka. Na zile nyuzi zilizotawanyika zilikuwa zinajikusanya, zinajaribu, zinakosea, zinajaribu tena, mpaka jioni zikaipata: mia moja ishirini na tano, dhaifu lakini sawasawa.

Chumvi haifundishwi hesabu na jirani yake. Kitu kinachofundishwa kina uhai.

*

Aliyemsomea Mpigaji hesabu yake siku ya kwanza yu hai, naye ni Bi Mwanahawa Shomari. Huko mwanzoni dhoruba za mionzi zilikuwa zikifuta tarakimu kwenye mitambo, sifuri inageuka moja, moja inageuka sifuri, watu wakapotea kwa hilo. Waasisi wakaamua kwamba Mpigaji asipokee tarakimu, apokee maneno tu, kwa kinywa cha mtu, mbele ya watu. Msomaji anasema namba, umati unajibu "Tumesikia", na Mpigaji anaishika. Wasipojibu, au wakijibu wachache tu, haishikiki. Ni sheria, na kwa sasa ni mila.

Nilimkuta Bi Mwanahawa anakoroga uji.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo? Umeona nini?"

"Bibi, siku ile ulimsomea Mpigaji namba gani?"

"Ala! Hata wewe? Bilioni mia moja na tatu. Niamshe usingizini nitakwambia hiyo hiyo."

"Ipi?"

"Ipi nini?"

"Ni bilioni mia moja, halafu vitatu juu yake? Au ni bilioni, mia moja na tatu?"

Mwiko ukasimama. Aliyarudia maneno mdomoni polepole, bila sauti, mara ya kwanza akivuta pumzi baada ya "moja", mara ya pili bila kuvuta. Maneno ni yale yale. Nikamwona anavyoelewa, jambo lilivyompanda kutoka kidevuni mpaka kwenye paji la uso, nikaogopa atalia. Bi Mwanahawa akacheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Kwetu Pangani," akasema akijifuta macho, "ukimwambia mtu elfu mia mbili na tano, hakupi kitu mpaka akuulize, ipi? Laki mbili na tano, au laki mbili na elfu tano? Mwenye duka anauliza! Na sisi tuliovuka mbingu, wasomi watupu, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Nilisema sawa, Siku. Mashine nayo ilisikia sawa. Lugha ndiyo iliyotucheka."

"Imetuchekea vizuri," nikamwambia. "Vaa koti, nikupeleke ukaone."

Alisimama ushorobani akihesabu kwa vidole, fungu baada ya fungu. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Tukiirudisha ile tasa, je?"

"Namba tasa ina vigawo viwili tu, Bibi. Moja na yenyewe. Hakuna tawi la kukaa. Haya yote yatakatika, na hakutabaki wa kuyafundisha mengine."

"Tasa," akasema. "Nimelifundisha neno hilo miaka yote ile, sijapata kulisikia."

*

Mkuu wa Kituo, Laurenti Mkwizu, si mtu mbaya, na naomba hilo lieleweke kabla sijamsimulia. Nilimpeleka naye. Alitazama, akavua kofia, akasema, "Nzuri. Nzuri sana." Kisha akaivaa kofia, akanigeukia.

"Na watu mia tatu, Fundi?"

Hapo ndipo penye mwiba, na nilikuwa nimeukalia siku nzima. Sekunde moja inaingia ndani ya laki moja na elfu tatu bila kubakiza. Kwa hesabu aliyonayo Mpigaji, tanuri lingegonga pamoja na pigo kuu kila mzunguko, kila baada ya saa ishirini na nane na ushei, na mimi nilikwisha kupiga hesabu ya ukuta. Ndani ya mwezi mmoja ungepasuka. Njia zilikuwa mbili. Tumsomee Mpigaji ile tasa, tuwashe tanuri, wageni walale pakavu na joto, na bahari izimike. Au tumwache Mpigaji kama alivyo, tulifungue tanuri, tulisage jiwe lake kwa mkono mpaka libadili pigo lisiwe na undugu na vigawo vile. Jiwe lile ni gumu. Kulisaga ni kazi ya karibu mwaka mzima.

"Mwaka mzima watu mia sita ndani ya ukumbi wa mia tatu," akasema Mkwizu. "Joto la kugawana. Kuna watoto wachanga mle ndani, kuna wazee. Mke wangu yumo. Mama yako yumo, na faili lake la afya nimelisoma. Ana pumu."

"Ninajua mama yangu ana nini, Mkuu."

"Basi soma ile tasa. Ndiyo waliyoikusudia waasisi, hatuvunji chochote, tunasahihisha matamshi. Na haya," akaelekeza kidole ukutani bila kuyatazama, "usiwaambie watu. Utawagawa."

"Kwa hiyo wajibu 'Tumesikia' bila kusikia?"

"Wajibu, walale. Nitalibeba mimi. Na wewe utalibeba pamoja nami." Akaishusha kofia hadi kwenye nyusi. "Unadhani mimi sijaona? Nimeona, Fundi. Nisingekuwa nimeona ningekuwa na raha zangu."

Nilimchukia kwa dakika kama tano, halafu nikashindwa, kwa sababu kila alichosema nilikwisha kujiambia mwenyewe. Ni rahisi kuyapenda maua ukiwa na mapafu mazima. Nilimwona mama yangu amejikunja chini ya mablanketi, anavuta pumzi kwa filimbi ile ninayoijua tangu utoto, na mimi nimesimama kando yake na kumweleza habari za vigawo. Nikaona aibu. Nikaona pia lile fungu likijaribu, likikosea, likijaribu tena. Sikupata mahali pa kuweka kichwa.

*

Chombo kilikuwa kimekaribia kiasi kwamba maneno yalikwenda kwa dakika mbili na kurudi kwa mbili. Nilimpigia mama. Sikuzunguka. Nilimweleza yote, namba, tanuri, baridi, mwaka, kisha nikangoja dakika zangu nne nikitafuna kucha kama mtoto.

Uso wake ukaja. Alikuwa amefunga kilemba cha njano, na nyuma yake mtu alikuwa anagombana na mashine ya kufulia.

"Sikudhani mwanangu, kwanza hujambo? Hujanisalimia, umeanza na mabilioni." Akakohoa kidogo, akapangusa mdomo. "Nimesikia. Sasa sikiliza na wewe. Watu wa huku ndani wote wanajiita wahamiaji. Mimi tangu tuondoke najiita mgeni, kwa sababu mahali ninapokwenda sijazaliwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji afe. Kama huko kuna mwenyeji, na mimi nikafika nikalala kwenye joto la kumuulia, usingizi huo utakuwa usingizi gani? Baridi naijua. Nimelea watoto watano Lushoto, mvua inaingia kwa mlango na kutokea dirishani. Lakini mimi ni mmoja. Usiamue kwa ajili yangu, na usiamue kwa kunificha. Waambie wote, wa huko na wa humu. Anayeombwa kuvumilia, aombwe. Haya, umekula?"

Nililia, ndiyo. Halafu nikamwambia nimekula, na ulikuwa uongo.

*

Siku ya kusomwa namba watu wa Kitovu walijaa ukumbini mpaka kwenye ngazi, na wahamiaji walikuwa wakisikiliza kwa redio. Mkwizu alisimama kando yangu. Mbele yetu sikio la Mpigaji lilikuwa wazi, tundu dogo la shaba ukutani.

"Kabla sijasoma," nikasema, "kuna namba mbili ndani ya maneno yetu, na nyuma ya ukuta wetu kuna watu."

"Watu?" akadakia mmoja.

"Sijui niwaiteje. Shukeni mkaone. Bado robo saa pigo kuu ligonge."

Nilimsikia Mkwizu akishusha pumzi. Hakunizuia, na mpaka leo namshukuru.

Walishuka kwa mistari, wakinung'unika, wengine wakibeba watoto. Nilizima taa zote za ushoroba. Mafungu yakaonekana, kila moja na hesabu yake, fujo tupu ya kupepesa kwa asiyejua. Nikawaambia waangalie tu. Wale wa sekunde moja walikuwa wanakwenda, wale wa mia walikuwa wanakwenda, na wale wa polepole, ambao hupepesa mara chache tu katika mzunguko mzima, walikuwa gizani bado, hata sikuwa nimewaonyesha. Kwa kuwa kila mmoja ni kigawo, kuna kitambo kimoja tu, mwisho wa hesabu yote, ambapo wote mia mbili wanaangukia mahali pamoja bila kubakiza kitu.

Mji ukapata kwikwi. Bahari ikawaka.

Ilikuwa nyeupe, halafu buluu, na ilikwenda mbali chini yetu na mbali pembeni, mbali kuliko ushoroba, mbali kuliko mji, maana mafungu tuliyoyaona ukutani yalikuwa kingo tu za kitu. Tuliona kina cha maji yale kwa mara ya kwanza tangu tuje kuishi juu yake. Tuliona vivuli vyetu vimelala ukutani nyuma yetu. Mtoto mmoja akacheka kwa furaha, kicheko kimoja, kisha giza likarudi na lile fungu la sekunde moja likaanza tena, moja, mbili, tatu, kama kawaida. Watu mia tatu tulikuwa tumesimama pale na hakuna aliyesogeza mguu. Bi Mwanahawa alikuwa ameshika mkono wangu.

Tulirudi ukumbini, nikawaeleza yote, wao na wa kwenye redio: ile tasa, tanuri, jiwe, na mwaka wa baridi. Hapo kelele zikaanza, maana kustaajabu ni jambo moja na kuhamisha kitanda ni lingine.

"Kwa hiyo sasa chumvi ina kura?" akafoka Athumani Kiluwasha wa ghala.

"Mwanangu ana miezi miwili!" akasema mama mmoja. "Miezi miwili, Fundi! Alale wapi?"

"Kwangu," akajibu mtu kutoka nyuma, kisha akashangaa mwenyewe kwamba amesema.

Kila jibu nililokuwa nalo lilikuwa na mama yangu ndani yake. Sheria ilisema namba iliyoombwa na Mkuu isomwe, na nilikuwa nimekubali kuisoma, kwa hiyo nilisogea kwenye lile tundu la shaba na kuisoma kwa namna ambayo hata mtoto asingekosea.

"Bilioni mia moja kamili. Hakuna milioni. Hakuna elfu. Hakuna mia. Na tatu."

Kisha nikageuka kuwatazama watu.

"Tumesikia," akasema Mkwizu, kwa sauti kubwa. Athumani naye akasema. Yule mama wa mtoto akasema, huku analia. Sauti nyingine mbili tatu kutoka pembeni. Nami nilikuwa nimeshika ukingo wa meza nikingoja wimbi lingine lije, kama linavyokuja siku zote, ukumbi mzima kwa mpigo mmoja.

Halikuja. Watu walikuwa wametazama miguu yao, au sufuria zao, au watoto wao. Bi Mwanahawa alikuwa amefumba mdomo kwa nguvu kama anazuia chafya. Redio nayo ilikuwa bubu. Tukangoja dakika nne zipite, za kwenda na kurudi, tukangoja na nyingine nne, na kutoka kwenye chombo hakikuja kitu isipokuwa kikohozi cha mtu mmoja mbali.

Mpigaji hakushika ile namba. Aliendelea na yake.

Mkwizu alikaa kwenye benchi, akauficha uso kwenye viganja. Nilidhani atapiga kelele. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Haya," akasema. "Nani hapa anajua kusaga jiwe?"

*

Chombo kilitua tukiwa tumelisaga jiwe kiasi cha unene wa ukucha. Ukumbi ulikuwa umegawanywa kwa mashuka, vitanda vya ghorofa tatu, na hewa ilikuwa ya baridi hata uji ulipoa kabla ya kijiko cha pili. Wageni walitoka mmoja mmoja wamejitanda kila walichokuwa nacho. Mama alikuwa wa mwisho mwisho. Alikuwa amepungua. Nilipomkumbatia nilisikia ile filimbi kifuani mwake, hapo hapo, kabla hata hajanena.

"Shikamoo, Mama. Twende ukalale, nimekuwekea nafasi karibu na bomba la moto."

"Marahaba. Nitalala. Nipeleke kwanza."

"Wapi?"

"Wapi tena? Unafika kwa watu unapitiliza kitandani?"

Nilimteremsha ngazi kwa ngazi, tukipumzika. Ushorobani nikazima taa. Aliyatazama mafungu yakipepesa, ya sekunde moja, ya mbili, ya nne, na yule mtulivu wa karibu na bomba la maji. Alijiweka sawa kilemba, akakaribia ukuta, akagonga barafu kwa kifundo cha kidole mara tatu.

"Hodi," akasema.

Nilimwambia taratibu kwamba pigo kuu limekwisha kupita asubuhi, kwamba mpaka wajibu wote pamoja bado zaidi ya saa ishirini, na kule juu kuna chai.

"Basi tuletee chai huku," mama akasema. Akavuta blanketi mabegani, akaketi sakafuni kuelekea ukutani, akakohoa, akatulia. "Hodi haipigwi mtu akaondoka."